Tundu la Bi Nguchiro

Zamani, wanyama walipokuwa wakijengeana nyumba, Bi Nguchiro, ambaye hajawahi kumsifu fundi yeyote, alimwomba Mhanga amchimbie makao ndani ya kichuguu. Mhanga, mchimbaji asiye na maneno mengi, akatoboa milango chini, akapanga vyumba kuzunguka ukumbi wa katikati, kisha akaacha tundu kubwa juu ya ukumbi.

"Fundi, umesahau paa!" Bi Nguchiro akang'aka. "Mvua ikinyesha je?"

"Nyumba inapumulia hapo, bibi."

"Nyumba inapumua! Tangu lini?"

Mhanga alipoondoka tu, Bi Nguchiro akaliziba tundu kwa udongo, akaushindilia vizuri.

Kufika adhuhuri, ukumbi ulikuwa kama tanuri. Watoto wake wakalala chali, ndimi nje. Akapanua milango ya chini, lakini joto halikutoka. Yule mdogo hata kulia hakuweza tena. Bi Nguchiro akamkimbilia Mhanga, aibu imemjaa usoni.

Mhanga alipanda juu ya kichuguu, akaupiga ule udongo teke moja. Joto likapaa kupitia tundu kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa, na papo hapo upepo wa chini ukaingia milangoni, umepoa. Yule mdogo akapiga chafya, akataka kunyonya.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Bi Nguchiro aliweka mtungi katikati ya ukumbi. Ulipojaa, akajitwika, akaupeleka kwa Mhanga.

"Kunywa, fundi wangu. Maji haya yamepita kwenye paa ulilolisahau."