Kiti cha Mama Shomari

Kwa nini mama yake Shomari alimwacha mwanawe akaondoka? Kidawa hakuwa na jibu, na riwaya waliyokuwa wakiisoma darasani ilikuwa bado haijalisema. Hata hivyo, kura ilimwangukia yeye akae kitini, ajitande kanga, awe mama huyo, na wenzake wamhoji. Mwalimu Nuru, aliyejua kwamba mama yake Kidawa naye aliondoka asisikike tena, alitaka kura irudiwe.

"Niache tu, Mwalimu," Kidawa alisema, akaivuta kanga hadi kwenye nyusi.

"Mama gani mfupi kuliko mwanawe?" Faraji alimtania.

"Mama hapimwi kwa rula," alijibu, na darasa likacheka.

Kisha Mize akauliza kwa upole, "Mama Shomari, mwanao anakuwekea chakula kila jioni, anakifunika kwa kawa. Asubuhi anakimwaga. Utarudi?"

Kidawa alishika pindo la kanga, akalikunja, akalikunjua. Asubuhi ile, kabla ya kuja shuleni, alikuwa amemwaga sahani nzima ya wali.

"Sirudi," alisema. "Mwambieni asiniwekee tena. Ale yeye, kingali cha moto."