Miwani Iliyosahauliwa Hotelini

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 1995, katika maktaba ya mji mdogo wa jimbo la Iowa, Marekani, Bwana Orrin Tuttle, mtunzi wa vitabu ishirini vya watoto, aliwakemea wazazi kwa nusu saa nzima.

"Mzazi asiyemsomea mwanawe," alinguruma, "hana tofauti na anayemnyima mkate!"

Lorna Pruitt, mpishi wa shule, aliinamisha kichwa. Alikuwa ameanza kujifunza kusoma miezi minane tu iliyopita, naye alimwahidi binti yake Josie kwamba leo angesoma ukurasa mmoja mbele za watu. Alipoitwa akasimama, akausoma neno kwa neno, jasho likimtiririka.

"Mama, kwa mwendo huo dubu wangu atazeeka kabla hujafika kwenye nukta!" mtunzi akadakia.

Ukumbi ukaangua kicheko. Josie akaufunika uso wake.

Ndipo mtunzi akakitwaa kitabu, akasoma mwenyewe kwa sauti ya asali, asikwame hata mara moja.

"Lakini hapo pana picha ya bata," mtoto mmoja akasema. "Mbona wewe unasoma habari za dubu?"

"Macho ya uzee hayo, kipenzi. Miwani nimeisahau hotelini."

Lorna akainua kichwa.

Watu wakapanga foleni, kila mmoja na kitabu chake cha kutiwa sahihi. Bibi mmoja akauliza kitabu kipya kitatoka lini.

"Tangu azikwe mke wangu, aliyenipigia chapa hadithi zote," mtunzi akapumua, "moyo umekataa."

Kila kitabu kilipata sahihi ileile yenye mikia mirefu. Majina ya watoto hakuyaandika. Alisema foleni ni ndefu mno.

Zamu ya Lorna ilipofika, alimkabidhi mtunzi karatasi aliyoiandika kwa mkono wake akiwa kwenye foleni. Bwana Tuttle akaishika mbali na macho, akaipitia taratibu, kisha akaweka kiganja kifuani.

"Jamani, sikilizeni! Mama huyu anasema vitabu vyangu vimemwangazia maisha!"

Makofi yakapigwa. Akairudisha karatasi kwa tabasamu.

Josie akaichukua mkononi mwa mama yake, akaisoma kimyakimya:

"Bwana Tuttle, nami niliisahau miwani yangu miaka ishirini. Darasa letu la kusoma ni Jumanne, saa kumi na moja jioni, chumba cha chini cha maktaba hii. Hatuchekani."

Nawe msomaji, ukiumaliza ukurasa huu mpe mwenzako. Akikuambia amesahau miwani, msomee.