Mbega wa Jikoni

Kila jiko huku Upareni sasa lina mbega wa bati anayenusa moto wowote ulio nje ya meko na kuumwagia maji. Wachache wanakumbuka kwamba mbega wa kwanza alikuwa mtu: Eliamini, mumewe Naetwe, aliyevaa manyoya ya kushona na kuwaonya watoto shuleni, mpaka msitu ulipoungua naye akiwa ndani. Sauti yake ndiyo waliyopewa mbega wote.

Naetwe aliwasha kiberiti.

“Zima moto, mwananchi,” ilisema sauti ya Eliamini. “Msitu hauna miguu ya kukimbia.”

Maji yakamwagika.

Binti yake, Nakunda, akamfunika khanga. “Mama, umelowa chapachapa! Unawashia nini tena?”

Naetwe akachomoa kiberiti kingine, kikavu, kifuani.

“Ngoja, mwanangu. Huenda safari hii akaniita Mama Nakunda.”