Mboga ya Mume

Sheria inampa kila ukoo mboga moja, na mwanamke akiolewa huhamia mboga ya mume. Sisi tulikuwa watu wa mchicha, majirani zetu watu wa kisamvu. Kwa mume wangu Shomari ni mlenda, mchana na jioni, maisha yote.

Siku ya kwanza niliinua tonge, ute ukanifuata hadi mdomoni kama kamasi la mtoto mwenye mafua. Nikameza bila kutafuna.

Wifi yangu Siwema akacheka. "Mtazameni bibi harusi, kama anakunywa dawa ya minyoo."

"Mwache," mama mkwe akasema. "Atazoea tu."

Nilijiapiza nisizoee. Kila nilipokula nilifumba macho, nikaukumbuka mchicha wa nazi wa mama.

Jana mama alikuja kunitembelea, ameficha kibakuli ndani ya kanga. Tukajifungia chumbani.

"Kula upesi, mwanangu, kabla hawajasikia harufu."

Nikatia mchicha kinywani. Ulikwaruza ulimi, ukanuka udongo. Koo likakataa, nikautema kiganjani.

Harufu ya mlenda ikaingia kutoka jikoni. Mate yakanijaa mdomoni, mazito, yenye kuvutika. Mama akaniona nikiyameza.