Taa ya Shingoni mwa Tulizo

Siku hizi mtihani wa ufugaji unasahihishwa na ng'ombe mwenyewe. Anavishwa mkanda wenye taa shingoni. Akitulia, taa yake huwa ya kijani. Ikibaki nyekundu, mwanafunzi anarudia mwaka.

Nilisimama nje ya zizi la shule wakati mjukuu wangu Atuganile alipochuchumaa kumkamua Tulizo. Taa ikawaka nyekundu. Vidole vya mtoto vilikuwa baridi kama mvua ya Tukuyu.

"Mwalimu, naomba ndama anyonye kwanza."

"Atakumalizia maziwa, we binti!" Mwalimu Kibona alicheka, lakini akamfungulia ndama yeye mwenyewe.

Ndama akanyonya. Atuganile akapasha vidole kwapani, kisha akajaribu tena. Taa ikageuka kijani, maziwa yakachuruzika ndooni.

Alifaulu. Mkanda ukavuliwa, ukahamishiwa kwa ng'ombe wa mwenzake.

"Bibi, sasa nitajuaje kama ametulia?"

"Mtazame masikio, mama. Umeona yalivyolegea?"

Atuganile alimtazama Tulizo, akatabasamu. Kisha akanigeukia mimi, macho yakaishia shingoni mwangu, kana kwamba anatafuta taa.

"Mimi niulize tu, mjukuu wangu," nikamwambia. "Nitakujibu."