Kiuno cha Kiboko

Wanyama walipochoshwa na Fisi walimpa Kiboko serikali, naye akaisoma bajeti yake ya kwanza akiwa amejilaza kwenye tope.

“Ndugu wananchi, hali ni ngumu. Kila mwenye kiuno akaze mkanda matundu mawili.”

Sisimizi alikitazama kiuno chake, chembamba kama uzi, akawafikiria wanawe tisa waliolala na njaa. “Na wewe mheshimiwa, utakaza lini?”

Kiboko alicheka hadi tope likaruka. “Mama wee, mimi kiuno ninacho? Sheria hainigusi!” Akaendelea kusoma: “Mtama wa ghala la umma utagawiwa kama desturi yetu, katika vifuko vinavyoning'inia mkandani.”

“Basi tumeelewana,” alisema Sisimizi. “Huna kiuno, huna mkanda. Kifuko chako tutakining'iniza wapi?”

Wanyama wakapiga vigelegele, wakagawana mtama wote.

Asubuhi yake Kiboko alikutwa amejifunga kamba ya kisimani tumboni, macho yamemtoka, anamsihi kila mpita njia amtafutie kiuno.

“Endelea kukaza, baba,” Sisimizi alimwambia, kifuko chake kimejaa. “Kitatokea tu. Changu kilitokea hivyohivyo.”