Boga Lililopanda Ndege

Mkamwana wangu aliweka bakuli mezani, mvuke ukanipanda usoni. Msimu wa maboga ulikuwa umefika, naye alikuwa ameapa kuyapika kwa mapishi ya nchi za mbali.

"Mama, hii supu ya ng'ambo. Boga wanalisaga na tangawizi, kisha wanatia maziwa."

"Boga ni lile lile, mwanangu. Limepanda ndege tu."

Akacheka. Mimi nguvu za kucheka sikuwa nazo. Tangu mzee wangu augue, kila kijiko alikifungia mdomo, na daktari alishasema asipokula hatufiki naye mbali. Nilikuwa nimechoka kurudisha sahani jikoni zikiwa zimejaa.

Nikapuliza kijiko, nikampelekea mzee mdomoni hivyo hivyo, bila tumaini.

Midomo ikafunguka. Tone la njano likamteleza kidevuni. Koo likapanda, likashuka.

Akakunja uso.

"Nani kapika hii?"

"Mimi, baba," mkamwana akajibu.

"Haina chumvi."

Neno hilo nimegombana nalo tangu nilipoolewa. Nikainuka, magoti yakilia, nikamletea kopo zima.